Mti wa Kuibwa

Fundi Yang Zhengkui hakuichora nyumba yetu popote.
Alipasua mwanzi mmoja, mrefu kama nguzo ya kati,
akauandika kwa wino alama kama nyayo za kuku:
hapa ulimi, hapa tundu, hapa boriti ya ghala.
"Nyumba yote imo humu," akasema, akauegemeza ukutani,
na mama akatukanya tusiuguse,
maana ukivunjika tutalala nje hadi mavuno.

Miezi miwili ua ulinuka utomvu.
Patasi, nyundo, patasi.
Msumari, hakuna. Mti humeza mti,
na mvua ikija, kuni hizo huvimba, zikashikana zaidi
kama ndugu waliogombana mchana
wakasikia mbwa mwitu usiku.

Mtoni, mjomba Guangpei alimzungusha nyati shimoni
mpaka udongo ukalainika kama unga wa sima.
Kigae huzaliwa ndoo, hamjui?
Udongo huviringwa kwenye kalibu, ukikauka kidogo
hupigwa kofi moja, ndoo ikawa vigae vinne,
migongo imepinda sawasawa.
Siku saba za moto. Kisha tanuri huzibwa,
maji yakamwagwa juu yake tone kwa tone,
na wekundu wote ukafa ndani, ukawa kijivu cha njiwa.

Ila mtambaapanya, ule wa kileleni, haununuliwi.
Huibwa.
Ndivyo ilivyo kwetu, bonde hili la Guizhou:
uende usiku shamba la jirani, ukate msonobari ulionyooka,
uache pesa kwenye kisiki, zimefungwa karatasi nyekundu,
usigeuke nyuma.
Asubuhi mwenye mti akutukane kwa sauti.
Akitukana sana, nyumba itadumu sana.

Baba na wajomba walikata wa Bibi Long Caihuan.
Asubuhi tukatega masikio. Kimya.
Siku ya pili, kimya. Moshi wa jiko lake ulipanda kama kawaida.
Mama ndiye aliyekumbuka, kijiko mkononi:
mti ule mumewe aliupanda mwaka aliozaliwa Shengyao,
na Shengyao alikwenda Guangdong kushona viatu,
miaka kumi na mmoja, hata salamu.
Baba hakumaliza wali wake.

Siku ya kupandisha, damu ya jogoo ikadondoka,
kitambaa chekundu kikafungwa katikati ya mti,
kamba zikavutwa, fundi juu akiimba baraka zake,
na sisi chini tukingoja peremende na mikate ya wali.
Mti ukasimama hewani. Haukuingia.
Fundi akagonga. Haukuingia.
Alipima mara mbili, aliapa baadaye; alipima mara tatu.

Ndipo kizee akatokea njiani, fimbo mkononi,
akasimama katikati ya ua, akafungua kinywa:

*Enyi mlokuja kwangu, usiku mkanyatia,*
*Mkakata mti wangu, mume aliniachia,*
*Iwaangukie mbingu, mkose pa kukimbia,*
*Na paa likivujia, mje kwangu kulilia!*

Kijiji kizima kikapiga kelele za furaha.
Fundi akagonga mara moja. Tok.
Sijui kama ni ile laana au ni nyundo.
Mikate ikanyesha, nami nikaokota miwili:
mmoja nikala, mmoja nikampa yeye.
Aliutia mfukoni bila kunitazama.

Vigae vilipangwa bila chokaa, safu ya tumbo, safu ya mgongo,
uzito wake peke yake ndio gundi.
Usiku wa mvua ya kwanza tulilala macho, tukisikiliza.
Hapakuvuja. Baba alionekana kama amekosa kitu.

Msonobari hukataa kufa, huchipua kisikini.
Mwezi wa tatu baba alijenga uzio wa mianzi
kuzunguka machipukizi manne ya Bibi Caihuan,
mbuzi wasiyale.
Alipokuwa akifunga kamba ya mwisho, bibi akapita.
"Mwizi," akamwambia.
"Ndiyo, mama," baba akajibu,
akasogea, ampishe.